Tano, Tano, Tano

Mwezi wangu wa pili katika duka la dawa, nilijaza karatasi ya joto la friji kwa siku kumi na moja bila kuangalia kipimajoto. Kila asubuhi na kila jioni niliandika tano.

Haukuwa uvivu. Sijui kama hilo linasaidia. Friji ya dawa inatakiwa ikae kati ya nyuzi mbili na nane, na siku moja nilikuta tisa. Niliogopa. Nikazungusha kitufe cha baridi hadi mwisho, kisha nikajikataza kufungua mlango ovyo ili joto lisiingie. Kipimajoto kilikuwa ndani. Kwetu tunafuga ng'ombe, na maziwa yanayokataliwa kwenye kituo cha kuyanunua ni yale yaliyopata joto. Sijawahi kuona ya mtu yakirudishwa kwa sababu ni baridi mno. Tano niliichagua kwa kuwa iko katikati, na ikiandikwa mfululizo inapendeza.

Sikusomea dawa. Niliajiriwa kupanguza rafu, kupanga maboksi na kutunza friji. Mengine nilijifundisha kwa kusoma vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi. Cha insulini nilikuwa nimekisoma. Kilisema isigande.

Jumatatu alikuja cucu mmoja, bibi mzee kutoka Tetu, mteja wetu wa miaka mingi, kuchukua insulini yake. Mimi ndiye niliyetoa boksi kwenye friji. Nilichagua la nyuma kabisa, lililogusana na ukuta, kwa kuwa tarehe yake ya mwisho ilikuwa karibu zaidi. Lilikuwa limelowa kidogo. Nililipanguza kwa kitambaa, nikampa mfamasia, naye akampa cucu.

Alhamisi mfamasia, mzee wa Kihindi ambaye duka ni lake, alitoa chupa nyingine ya nyuma akaitingisha. Insulini ile ikitingishwa huwa nyeupe kama maziwa. Hii ilibaki na vibonge. Akainama akasoma kipimajoto, kisha akaichukua karatasi yangu ukutani.

"Tano, tano, tano," alisoma. "Hii ni friji ama ni malaika?"

Akaiweka karatasi mezani.

"Ikishaganda imekufa. Hata ikiyeyuka, imekufa. Nani amepewa ya huku nyuma?"

Nikamwambia. Simu ya cucu ilikuwa imezimwa. Mzee alinipa chupa mpya kwenye kikasha chenye barafu, akaifunga kwa gazeti isiguse barafu, akanipa na mashine ya kupima sukari. Nilipanda bodaboda. Nakumbuka majani ya chai pande zote mbili za barabara, na kwamba sikuwa nikihisi chochote.

Cucu alikuwa ameketi nje ya jikoni na jagi la maji. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Kijana wa kupanguza!" akasema. "Umekuja kupanguza ng'ombe?"

"Cucu, ile dawa ya Jumatatu umeitumia?"

"Si nadunga kila siku. Lakini kiu haiishi, na usiku ni choo tu."

Mwanawe, mwanamume wa makamo aliyevaa viatu vya gambuti, alitoka zizini akicheka bila furaha. "Usimuulize dawa, muulize chai. Nikienda shamba anaweka sukari. Juzi nimeificha."

"Ati naiba sukari," cucu akaniambia. "Kwa nyumba yangu. Mtu mzima kama mimi."

Nilimdunga kidole. Mashine haikutoa namba; iliandika tu kwamba sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Ningeweza kusema twende hospitali na kunyamaza hapo. Mwana angeendelea kuamini ni chai. Nililifikiria hilo, kwa utulivu kabisa.

"Si chai," nikasema. "Dawa iliganda kwa friji yetu. Mimi ndiye niliongeza baridi, halafu nikaandika namba ambayo sikuiona."

Mwana aliisoma mashine mwenyewe. Kisha akaenda kuomba pikapu ya jirani.

"Umesikia?" cucu akamwambia mwanawe akiondoka. "Rudisha sukari yangu."

Alilazwa siku sita katika hospitali ya mjini. Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara ya pili alikuwa amelala, nikaketi nikahesabu matone ya dripu kwa sababu sikujua la kufanya. Alipona. Mzee alitupa kila kilichokuwa kwenye friji na hakunifukuza. Hakuniambia kwa nini, na mimi sikumuuliza.

Siku hizi cucu hununua insulini yake katika duka lingine. Kipimajoto chetu sasa kina waya, na kioo chake kiko nje ya mlango. Ninakisoma asubuhi na jioni, na ninaandika ninachokiona. Karatasi ya mwezi huu ina tatu, sita, saba, nne, na tisa moja ambayo nilimwita mzee aione kabla sijagusa kitufe.