Kuvu ya Zubeda iliwaka kijani, tukashangilia mapema mno

Wakuu, sogeeni kidogo mnisikilize. Haya nimeyaona kwa macho yangu hapa Arua, sijaongeza chumvi, na furaha bado haijanitoka.

Zubeda ni dada wa Kinubi kutoka Koboko. Anasoma shahada, nami namsaidia maabara. Alipandikiza jeni ya GFP kwenye kuvu inayoshambulia majani ya simsim.

GFP ni protini. Ukiimulika kwa mwanga wa buluu, inatoa kijani. Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Bila kuvu yenye GFP, anarudia mwaka.

Jumatatu tukaweka sahani ya kwanza chini ya darubini. Kijani tupu!

"Kaka, iko inawaka! Kuja uone!" Zubeda akaniita.

Mama Candiru, fundi wetu wa maabara, akachungulia. "Na ile haina jeni iko wapi?"

"Nilitupa, mama. Friji ilijaa."

"Sasa unafurahia nini? Kuvu ikizeeka inawaka yenyewe."

Zubeda akachungulia tena.

Ni kweli, wakuu. Kuta za seli za kuvu na nyuzi zilizokufa zina mng'ao wa asili. Na sahani yetu ilikuwa na wiki tatu! (Wazo la kupunguza vitu kwenye friji lilikuwa langu. Nimekiri.)

Bahati nzuri, mwanafunzi mwenzake Zubeda kule Koboko alikuwa amebaki na kuvu ya asili, ile isiyo na jeni. Akaifunga vizuri, akamkabidhi dereva wa basi, Jumanne ikafika. Tukaziotesha zote upya siku moja: ya asili, na sahani nne za Zubeda, maana jeni haishiki kwenye kila kuvu iliyopandikizwa.

Ijumaa asubuhi tukapiga picha. Kamera tuliifunga kwenye kipimo kimoja, maana ikijirekebisha yenyewe, hata mng'ao hafifu unaonekana mkali.

Sahani ya kwanza: hafifu, sawa kabisa na ya asili. Ya pili na ya tatu vilevile. Zubeda akashika kichwa.

Ya nne, wakuu! Ya asili hafifu vilevile, yake kijani kali!

Tukaweka filta ya nyekundu, yake ikazimika, ya asili ikabaki na mng'ao wake hafifu. Hapo ndipo nilipoelewa: mng'ao wa asili huvuja kwenye rangi nyingi, GFP hubaki kwenye kijani chake.

"Hii sasa ni yenyewe," Mama Candiru akasema. "Tuma, mtoto wangu."

Zubeda akatuma ripoti, tukapiga kelele za furaha. Mlinzi alikuja kuuliza kama kuna harusi.

Nilichojifunza: kijani peke yake si ushahidi. Wazoefu nirekebisheni, wageni ulizeni bila aibu.

Na wewe unayekwenda kwenye darubini kesho: anza na kuvu isiyo na jeni, yenye umri uleule, ndipo uangalie yako.