Vidole Vinne Shavuni

Je, nilisikia kofi, au nilisikia nyama ikitupwa juu ya gogo la bucha? Wiki tatu za kiangazi cha mwaka 2006 sikupata usingizi kwa sababu ya swali hilo. Nilikuwa nimeshawaeleza polisi nilichokiona, na katika maelezo yangu hapakuwa na kofi. Palikuwa na maneno, kisha kisu. Kwa maelezo hayo dereva mmoja wa teksi alikuwa rumande, akisubiri kesi ambayo ingeweza kumfunga miaka mingi na kisha kumrudisha Mogadishu, mji alioukimbia akiwa mtoto.

Ugomvi wenyewe niliuanzisha mimi. Nilikuwa nimemaliza shahada ya pili ya siasa, kibali changu cha kufanya kazi kimebakiza miezi michache, na kazi pekee niliyoipata ilikuwa ya muda katika ofisi ndogo ya utafiti mjini Washington. Mwaka ule mahakama za masheikh zilikuwa zimewafukuza wababe wa vita Mogadishu, na wakubwa wangu walitaka kujua Wasomali wa huku wanasemaje. Nikapewa karatasi zenye swali moja kuu: unaunga mkono sheria ya dini iwe sheria ya nchi yako? Chini yake visanduku vitano, kuanzia “naunga mkono kabisa” hadi “napinga kabisa,” na cha mwisho “sijui.” Kama ningehojiwa mimi, ningekaa kwenye hicho cha mwisho hadi leo.

Nilianzia Langley Park, nje kidogo ya Washington, kwenye bucha la nyama ya halali. Mwuza nyama alikuwa mzee wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, aliyeishi ukimbizini Mombasa miaka mingi. Nilimwita mjomba. Tangu mwaka wangu wa kwanza wa masomo alinifungia mifupa ya supu, na Jumamosi aliniruhusu nisimame nyuma ya kaunta akinionyesha namna ya kumchambua mbuzi bila kuharibu nyama ya mgongo.

“Shikamoo mjomba. Leo nina swali la ofisi.”

“Marahaba. Swali la ofisi huulizwa ofisini. Hapa twauza nyama.”

Lakini alijibu, huku akikata. Baba yake alipigwa risasi kwenye kizuizi cha barabara kwa ajili ya redio ya mkononi. Aliyempiga hakukimbia. Aliendelea kukaa palepale kizuizini akiisikiliza redio ile, na mama yake mjomba alilazimika kupita mbele yake kila alipokwenda sokoni, akimpa salamu ili apite.

“Miaka tisa amempa salamu,” alisema mjomba. “Sasa masheikh wamekiondoa kizuizi. Mama aenda sokoni arudi. Nataka nchi ambayo shahidi amwogopa Mungu. Tia alama hapo juu kabisa, mwanangu, tena uikoleze.”

Dereva alikuwa amesimama upande wa gogo, mahali wateja huonyesha kipande wanachotaka. Alikulia Eastleigh, Nairobi, na alikuwa na mdomo wa huko.

“Na mimi? Ama mnauliza wenye ndevu peke yao?”

“Wewe ngoja nyama yako,” mjomba akamwambia.

“Nyama itangoja. Andika, buda. Brathe yangu mdogo, yule alibaki Mogadishu, alikuwa anaona mpira kwa banda la video. Hao vijana wa mahakama wakaingia, wakamchapa na waya mpaka akakojoa damu. Siku ya tatu akaenda. Alikuwa na miaka kumi na sita. Weka napinga kabisa. Weka mara mbili.”

“Hao ni wahuni wachache,” alisema mjomba. “Hiyo si sheria.”

“Mzee, sheria ni yule ameshika waya.”

Hapo ilinipasa nikunje karatasi zangu. Mtu mwenye akili ya kawaida angezikunja. Mimi nilifurahi, naona aibu kulisema hilo, kwa sababu nilikuwa nimepata majibu mawili kamili katika dakika kumi. Nikainama kuandika. Juu ya kichwa changu nikamsikia dereva akisema, “Mama yako anaenda sokoni amekanyaga kaburi ya brathe yangu.”

Kisha sauti. Pa!

Niliponyanyua uso, dereva alikuwa ameshashika kisu cha mifupa, kile kizito kama shoka. Mkono wa kulia wa mjomba ulikuwa juu ya gogo. Kisu kikashuka. Mjomba hakupiga kelele mara moja. Alitazama mkono wake kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo sasa hivi. Kisu kikapanda tena, kikampata begani, na hapo ndipo alipolia na kuanguka, akivuta sinia la maini likamwagika juu yake.

Dereva alitupa kisu akatoka nje, akaketi ukingoni mwa barabara. Nilimfunga mjomba mkono kwa aproni, nikaikaza hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Mhudumu wa simu ya dharura aliniambia nitafute vidole, niviweke kwenye mfuko na barafu. Nilivitafuta gogoni, katikati ya vipande vya mbuzi. Viwili niliviona upesi. Cha tatu nilikigusa nikakiacha, nikidhani ni mfupa wa mbavu, ikabidi nirudi. Nilitoka nje kulipungia gari la wagonjwa, nikampita dereva pale alipoketi. Hospitali hawakuweza kukirudisha hata kimoja.

Polisi alinihoji palepale dukani. Nilisema waligombana, kisha dereva akachukua kisu. Aliniuliza kama kuna kingine. Nikasema hapana. Nadhani nilitaka mambo yawe rahisi: mtu mbaya mmoja, mtu mwema mmoja, na mimi kando na karatasi zangu.

Wiki mbili baadaye mke wa dereva alinipata kwenye chumba nilichopanga, Lanham. Alikuwa mjamzito, amevaa sare ya kuhudumia wazee, ametoka kazini Gaithersburg.

“Kaka, sikuja kulia hapa,” alisema, akikataa kiti. “Mume wangu amekosa, na nimemwambia. Lakini anasema alipigwa kwanza, na hakuna anayemwamini. Anasema pale nje wewe ulimwangalia shavu. Nauliza tu. Ulimwangalia?”

Nilimwambia sikumbuki. Alisema asante, akashuka ngazi akijishika kiuno.

Tangu siku hiyo sikujua tena kilicho changu na kilicho chake. Nilipofumba macho niliona shavu. Lakini je, niliona shavu kwa kuwa nililiona, au kwa kuwa ameniambia niliona? Somo la takwimu lilikuwa limenifundisha kwamba ukimtajia mtu jibu, atakupa jibu hilohilo. Mimi mwenyewe sasa nilikuwa mhojiwa aliyetajiwa.

Nilichora duka zima kwenye karatasi, gogo, kaunta, mlango, nikahesabu hatua. Haikusaidia kitu. Kilichonisaidia kilikuja nikiwa napiga mswaki. Nilimwona dereva ukingoni mwa barabara, jua limempiga usoni, na shavuni ana damu ya mbuzi, alama ya mkono wa kulia: vidole vinne vilivyotanuka na dole gumba chini ya jicho. Kisha akajifuta kwa mkono wa shati, na alama ikawa doa tu.

Mke wake alisema shavu. Hakusema vidole. Na mkono ule ulipoinuka kutoka gogoni ulikuwa umebaki na kidole kimoja na dole gumba. Alama ya vidole vinne haikuweza kupigwa baada ya kisu.

Nilikaa sakafuni bafuni. Ustadhi wangu wa Tanga alitufundisha kwamba anayeficha ushahidi, moyo wake ndio ulioingia dhambini, si ulimi. Nikaamua kwenda kwa mjomba kwanza.

Alikuwa sebuleni kwake, mkono umefungwa mkubwa kama mkate. Alinimiminia chai kwa mkono wa kushoto, ikamwagika, akacheka.

“Najifunza upya, kama mtoto.”

“Mjomba, ulimpiga kofi kwanza.”

Hakukana. Aliweka chupa ya chai chini polepole.

“Nani amekutuma? Mkewe?”

“Niliona mwenyewe alama ya mkono wako. Nitakwenda kulisema.”

“Kofi lakata vidole?”

“Halikati. Na hilo nitalisema.”

“Mimi nilikufundisha kushika kisu, wewe! Nimekulisha! Leo waja nichinja ndani ya nyumba yangu?”

“Si wewe uliyeniambia unataka nchi ambayo shahidi anamwogopa Mungu? Nimekuja kwako kwanza kwa sababu hiyo.”

Kikombe kilinipata juu ya jicho. Chai ilikuwa ya moto, na sikuona kitu kwa muda, nikasikia tu meza ikipinduka na yeye akijaribu kunishika kola kwa mkono mmoja, akipiga kwa ule uliofungwa, na kila alipopiga alilia yeye kwa maumivu. Sikujikinga. Nilirudi nyuma hadi mlangoni.

“Usiniite mjomba!” alinipigia kelele hadi chini ya ngazi. “Kamwite huyo!”

Nilipanda basi nikiwa na kitambaa usoni. Njiani nilifikiria kibali changu, nilifikiria kwamba kubadili maelezo huenda ni kosa, nilifikiria kushuka kituo kinachofuata, na kila kituo kilipofika nilibaki nimeketi.

Wakili aliyepewa dereva na mahakama alikuwa mwanamke mwenye mafaili hadi sakafuni. Aliniuliza jicho limefanya nini. Nikasema nitafika huko, kwanza nimekuja kwa ajili ya kofi.

“Haya, kofi,” alisema, akichukua kalamu. “Nieleze.”

Nilianza na swali langu la karatasi, nikamwambia nani alijibu nini. Nilieleza alama ya shavuni, kidole kwa kidole. Nilipofika kwenye kisu kilichopanda mara ya pili, mzee akiwa hana mkono wa kujikingia, kalamu yake ilisimama.

“Hilo halinisaidii.”

“Najua.”

“Ukitia sahihi, upande wa mashtaka utakuuliza na hilo.”

“Liandike,” nilimwambia.

Akaandika. Nikasoma kurasa zote tatu, nikaandika jina langu kamili na anwani ninayoishi, nikatia sahihi.