Mama Kufuli na Feni Yenye Kiatu cha Mbao

Siku ya kwanza kukutana na Mama Kufuli tulibishana kabla ya kuamkiana. Alisimama kwenye lango la karakana yangu ya milango, kikapu cha spana mkononi, akaitazama feni yangu kama mnunuzi anavyomtazama mbuzi mgonjwa.

"Inatetemeka hivi tangu lini?"

"Haitetemeki. Inacheza kidogo tu."

"Na ukuta nao unacheza, bosi?"

Nikampenda hapo hapo. Mtu mwenye ulimi ninapatana naye bei. Bubu ndiye anayenishinda.

Feni yenyewe ni jumba la chuma lililojiviringa kama konokono, kubwa kuliko kabati la nguo. Ndani yake gurudumu lenye mapanga huzunguka, likivuta vumbi la mbao kutoka kwenye misumeno na kulitema nje. Ikigoma, mashine zote hulala. Na siku ile kulala kulikuwa mwiko: mteja mwenye nyumba ya wageni alishasema kwamba akija alasiri asikute milango yake inapigwa randa, anaihamishia kazi kwa jirani yangu, mtu ambaye sipendi ashibe kwa jasho langu. Hilo sikumwambia fundi. Haja yako ikijulikana, bei hupanda ngazi.

Yeye hakutaka fedha. Alikuwa amehamia nyumba aliyoijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na mlangoni ametundika shuka. "Mbwa wa jirani anaingia kama ndiye mwenye nyumba," akasema. Alitaka mlango wa mvule. Nikamwonyesha wa mbao laini. Akaubonyeza kwa kucha, kucha ikazama, akausukuma kando. Tukavutana mpaka tukafika hapa: nitaweka glasi ya maji iliyojaa juu ya fremu ya feni inapozunguka. Yasipomwagika, mvule. Likidondoka tone moja, mbao laini, na aubebe kichwani.

Nikacheka kimoyomoyo. Mafundi waliomtangulia feni ile iliwafukuza.

Sababu ya jina lake niliiona mara moja. Alizima swichi kuu ya feni, akaipiga kufuli, akatia ufunguo kifuani. Kisha akakaa juu ya gogo na kuanza kunywa chai yangu.

"Mama, umeme si umezima? Ingia kazini."

"Umeme umelala, gurudumu bado liko macho. Sikiliza."

Kweli, lilikuwa likijizungukia taratibu, halina haraka na mteja wangu. Liliposimama alilitia kabari, maana hata upepo wa bombani huweza kulisukuma, akavua mkanda wa mota, ndipo akafungua mfuniko na kuzamisha kichwa na mkono hadi begani. Alikwangua vumbi lililoganda kama plasta. Ghafla kicheko kikavuma ndani ya chuma.

"Bosi! Nani kaivalisha feni yako kiatu cha mbao?"

Nikachungulia. Panga moja lililolika lilikuwa limekatwa, na mahali pake pamefungwa kipande cha mbao, kimepigwa msasa, kimepakwa vanishi, skrubu zimezama sawasawa. Ujinga mzuri namna ile hutoka kwa seremala tu. Na seremala mwenyewe nilimtambua kwa vanishi yake: shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Saa ile ile alikuwa anarudi kutoka dukani, hana habari, akaenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kuwashia.

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Shemeji, acha!" nikapiga kelele. Mkono wa mama wa watu ulikuwa bado katikati ya mapanga.

"Bonyeza, shemeji, bonyeza!" Mama Kufuli akasema kutoka ndani ya konokono. "Kidole kisije kikafa ganzi. Ufunguo ninao mimi, na nilipouweka wewe hufiki!"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mimi nilicheka wa mwisho. Hata kwenye hatari mfanyabiashara hupiga hesabu, na mkono wa mtu haulipiki kwa milango yote ya nyumba ya wageni.

Mama Kufuli akatoka, uso mweupe kwa vumbi. "Tulipatana kusafisha na kukaza. Huu sasa ni upasuaji. Nataka mlango wa vipande viwili."

"Nyumba yako ina uso wa kipande kimoja!"

"Nitaipanua uso. Na wewe, kila nikisema neno unatazama lango. Unamngoja nani?"

Nikajua nimekwisha. Nikakubali.

Akachomelea panga la chuma, shemeji akishika na kutokwa jasho. Kisha akalizungusha gurudumu kwa mkono. Kila liliposimama, upande ule ule mzito ulikwenda chini. Akaongeza chuma kidogo upande wa pili, akarudia, mpaka likawa linasimama popote. Akakaza boliti, akarudisha mkanda na kinga yake, akahakiki spana zake zote ziko kikapuni, akatusogeza mbali. Mwenyewe akafungua kufuli. Heshima ya kubonyeza akampa shemeji.

Mteja alitukuta tumeinamia glasi.

"Mnasali?"

Maji yalisisimka kama ngozi ya mtu aliyepigwa na baridi. Nikaiegemea fremu kidogo, kwa bahati tu.

"Bosi, ondoa kiwiko."

Nikakiondoa. Halikudondoka tone. Mteja akaona randa zinaimba, akabaki nami, na jirani yangu akabaki na njaa yake.

Shemeji ndiye aliyeufunga ule mlango wa mvule, siku nzima, bila malipo, fundi amesimama nyuma yake akimwuliza kama kuna mahali amesahau kupaka vanishi. Mimi nilipata feni tulivu. Nilipata pia wateja, kwa kuwa majirani wa Mama Kufuli wameuona mlango, nao wanataka wa namna ile. Tatizo ni kwamba kila mmoja wao anafika akiwa ameshaambiwa bei yangu huwa inavunjika wapi.