Dada na Mkasi Wake

Dada yangu ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Pima Tena. Kitambaa hukipima mara tatu, kisha hukikodolea macho kana kwamba kitamtoroka. Tunashona katika chumba kimoja. Mimi nikikosea nacheka, nafumua, maisha yanaendelea.

Mwaka jana alikuwa akikata gauni la bibi harusi, akasahau kugeuza kitambaa, mikono yote miwili ikatoka ya kushoto. Kitambaa kingine kilipatikana siku hiyohiyo na bibi harusi akapendeza, lakini dada wiki mbili nzima alikuwa akijilaumu. Hakuugusa tena mkasi. Akawa mtu wa kushona vifungo. Iliniuma sana, fundi wa miaka ishirini kazini kushona vifungo!

Watafiti wa ubongo walipokuja hospitali kutafuta ndugu wa damu wapimwe jinsi wanavyopokea makosa, nikamburuta dada. Walituchukua mate, wakatuvika kofia za nyaya za kupima ubongo, tukabonyeza vitufe mbele ya kompyuta. Nilikosea zaidi kuliko yeye. Baadaye daktari akatuonyesha michoro: kwa kila kosa, ubongo wangu ulishtuka kidogo ukatulia, wa dada uliruka juu.

"Inaonekana sehemu ya tofauti hii mtu huzaliwa nayo," daktari alisema. "Sehemu tu. Malezi nayo yamo."

Nilifurahi, nikidhani sasa ataacha kujilaumu. Yeye akauliza jambo moja: "Na binti yangu?"

"Hatuwezi kujua, mama. Ila watoto hujifunza kwa kututazama."

 Tulipokaribia nyumbani akaniambia mpango wake: atakata foronya upogo makusudi, kisha acheke, mtoto aone kwamba kosa haliui mtu.

Jumamosi akamwita binti yake, wa miaka saba, akashika mkasi baada ya miezi minane. Akakata. Akacheka kicheko cha mtu anayelazimishwa kupigwa picha. Nami nikacheka kwa nguvu kumsaidia.

"Umeona, mwanangu? Mama amekosea. Si kitu."

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, hajagusa chochote. Midomo ilianza kumcheza.

"Nisamehe, mama," alisema. "Ni kosa langu. Sikukushikia kitambaa."

Dada akaweka mkasi chini, akamkumbatia, akalia waziwazi.