Betri Isilale na Watu

Siku baba aliporudi nyumbani moja kwa moja kutoka kiwanda cha chai, alishuka kwenye lori la kabichi akiwa na godoro lililofungwa kamba, sanduku la bati, na tesita, ile bisibisi ndogo ya kupimia umeme, mfukoni mwa shati. Kiwanda kilikuwa kimepata mwenye mali mpya, na mwenye mali mpya alikuja na mafundi wake. Neno lilikuwa “kupunguzwa”. Miaka ile lilizunguka nchi nzima kama mafua, na hatimaye likafika kwetu. Baba alikuwa fundi umeme tangu kabla sijazaliwa, na kijiji chetu, ng'ambo ya bonde ukitokea Gare, hakikuwa na nguzo ya umeme hata moja. Ni kama kumstaafisha dereva mahali pasipo na barabara.

Kule kiwandani kila mtu, kuanzia meneja hadi wachuma chai, alimwita Fundi. Kijijini wakaanza kumwita mzee. Aliitikia, lakini kwa kuchelewa kidogo, akiangalia kwanza kama kuna mtu mwingine nyuma yake.

Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na kwenye fizikia nilipata F iliyonyooka. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa na akili ya pekee. Nilichokuwa nacho ni maswali. Mama alisema nikifa nitamchelewesha malaika mlangoni, nikimuuliza kitasa kimetengenezwa wapi.

Habari ya umeme wa jua baba aliitoa Pangani, alikokwenda kumsalimia mjomba wangu. Huko aliona nyumba ya muuza samaki ikiwa na paneli juu ya bati, na ndani redio inaimba na taa inawaka. Akarudi akitembea haraka. Baada ya wiki chache akachukua sehemu ya kiinua mgongo chake, akashuka Tanga. Maduka ya Tanga wakati huo yalikuwa yamejaa vitu ambavyo utotoni mwangu uliviona tu kwa mtu mwenye ndugu Mombasa. Alinunua paneli, betri, balbu za gari na roli kubwa ya waya. Kondakta alitaka paneli ipande juu kwenye keria; baba alikataa, akaipakata hadi Lushoto.

Niliishika ile paneli kwa mikono miwili. Ilikuwa ya buluu iliyokoza, na ya baridi. Nikaiwekea sikio, haikunguruma.

“Inafanyaje kazi, baba?”

“Jua linaingia, umeme unatoka.”

“Na katikati kunatokea nini?”

“Katikati hakukuhusu.”

Nilikasirika, kwa sababu nilimjua. Angekuwa anajua angenieleza mpaka uji upoe.

Kitu cha kwanza kilichomtisha ni tesita. Aliigusisha kwenye betri kama alivyozoea kuigusisha kwenye kila kitu maishani mwake, nayo haikuwaka. Akaifuta kwenye suruali, akajaribu tena. Kimya. Kwa baba, mahali tesita haikuwaka hapakuwa na umeme, na ubishi uliishia hapo. Lakini alipounga balbu, ikawaka vizuri tu. Mama akagusa nyaya kwa kidole bila kuulizwa, akasema hajasikia kitu.

“Huu umeme ni mpole,” baba akasema, na hakulisema kama sifa.

Muuzaji alikuwa amemwambia aweke paneli juu ya paa. Huko Pangani ni sawa, jua la pwani halina pa kujificha. Nyumba yetu imekaa chini ya kilima: asubuhi ukungu haututoki mpaka saa nne, na saa tisa kilima kimeshatufunika. Baba alizunguka nyumba siku mbili na ngazi yake. Siku ya tatu mama akamwonea huruma, akamwonyesha jiwe lake la kuanikia maharage, kule chini mwisho wa shamba. Jua likitoka mahali popote bondeni, alisema, hapo linafika kwanza na hapo linaondoka mwisho. Kisha akauliza yeye sasa aanikie wapi, na baba akamwachia nusu ya jiwe.

Paneli ikakaa jiweni. Betri nayo ikakaa hukohuko, ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na hapa ndipo mambo yalipoharibikia, ingawa hakuna aliyejua. Kiwandani betri za jenereta zilikuwa na chumba chao peke yao, kwa sababu ya asidi na mvuke wake, na baba aliishi na sheria hiyo miaka yote: betri isilale na watu. Basi kutoka jiweni hadi nyumbani alivuta waya, hatua themanini, juu ya vigingi vya mkaratusi vilivyopangwa kwa kamba. Ulikuwa waya mwembamba. Mama alipouliza kama utatosha, baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi.

“Kwa waya huuhuu niliwasha kambi nzima ya wachuma chai.”

Na ilikuwa kweli.

Jioni ya kuwasha walialikwa watu. Alikuja jirani yetu mkulima wa kabichi, ambaye ni kiongozi wa kwaya kanisani kwetu, pamoja na mkewe na wazee wengine wawili watatu. Mama alipika makande ya sherehe, yaliyojaa nazi kutoka Tanga. Baba alivaa shati lake la kiwandani. Kiza kilipoanza kuingia akabonyeza swichi, na balbu ikawa nyekundu, kama kaa lililosahaulika jikoni.

“Labda ndiyo inaanza,” akasema mzee mmoja.

Tukaisubiri. Tukanywa chai. Ikabaki ilivyo, ukiona waya wake mdogo ndani ya kioo na usione uso wa mtu aliyekaa chini yake. Jirani akasema ni mwanga mzuri wa kulalia, na nina hakika alikusudia wema. Kisha mama akainuka, akaleta koroboi, akaiweka mezani, na baba akatazama miguu yake.

Wiki zilizofuata alilaumu mawingu. Halafu akalaumu balbu, akalaumu betri, akamlaumu muuzaji na ukoo wake. Alishuka jiweni kila asubuhi kuipangusa paneli kwa kitambaa cha kanga. Njiani watu walimtania: “Shikamoo mzee, jua lako limeamka?” Baada ya ibada aliacha kusimama na wenzake nje ya kanisa. Niliogopa, na sioni haya kusema nilichoogopa. Balbu ile isipowaka, baba angebaki mzee aliyemwaga kiinua mgongo chake kwenye jiwe la maharage, na hilo lingemmaliza kuliko kiwanda kilivyomfanya.

Siku moja alikwenda Lushoto kutafuta balbu nyingine. Ufunguo wa sanduku ulikuwa kwenye koti lake la nyumbani. Nikauchukua, pamoja na balbu moja na mabaki ya roli ya waya, yaliyokuwa mengi, nikashuka jiweni.

Mchana ulikuwa mweupe, balbu haionekani vizuri, basi nikajifunika kanga mbili na kuinamia betri. Kwanza niliunga balbu kwa vipande vifupi vya waya. Ikawaka hata nikasoma maandishi ya kanga kwa ndani. Kumbe betri ilikuwa nzima, na balbu nzima. Kisha nikaunga balbu hiyohiyo mwisho wa ile roli, roli yenyewe ikiwa imekaa pale magotini pangu. Ikawa nyekundu. Nikakwangua ganda la waya kwenye nusu ya roli, nikaunga hapo, nikapata mwanga wa katikati, si wa kuchukiza wala wa kufurahisha.

Sikuwa nimesogea hata hatua moja kutoka kwenye betri. Nilidhani umbali ni kutoka jiweni hadi nyumbani. Kumbe umbali ulikuwa umezungushwa pale magotini, ndani ya waya, na umeme ule mpole ulichoka njiani. Wa kiwandani ulikuwa na nguvu za kupita popote. Furaha niliyoisikia sijaisikia tena mara nyingi. Fizikia walinifundisha miaka minne, na hakuna aliyeniambia kwamba iko humo.

“Umeanza kujifukiza?” Ilikuwa sauti ya mama, anapita na kuni.

Nikamwambia naumwa kichwa. Alipoondoka nikafanya ujinga ambao leo nikiukumbuka nashika nywele: niliweka kata kichwani, nikapandisha betri nyumbani, asidi na yote. Nikaunga balbu kwa waya mfupi, ikawaka nyumba nzima. Nikaunga na ule waya mrefu wa kutoka jiweni, ambao mwisho wake wa kule nilikuwa nimeufunga kwenye paneli, sasa ukileta umeme wa paneli kwenye betri badala ya kuutoa. Zikaruka cheche ndogo, nikajua kuna kitu kinafika. Miaka mingi baadaye mtu aliyesoma alinieleza kwamba paneli ina nguvu ya ziada inayovumilia safari, na betri haina. Siku ile nilijua tu kwamba kujaza kuna mchana mzima wa kusubiri, lakini taa haina subira. Nikairudisha betri jiweni, nikafunga kufuli, nikarudisha ufunguo kwenye koti.

Kilichobaki ni kumwambia, na hapo ndipo nilipoharibu mimi. Nilingoja wakati mzuri siku tatu. Wakati mzuri haukuja, ikaja Jumapili. Nje ya kanisa yule jirani wa kabichi alimsimamisha baba, akamuuliza kwa upole habari za mtambo. Baba akasema betri aliyouziwa ni mbovu.

“Si mbovu,” nikasema. “Ni nzima kabisa. Shida ni kuiweka kule jiweni kwa sheria za kiwandani. Iletwe ndani, utaona. Nimeshajaribu mwenyewe.”

Jirani akapiga makofi. “Loo! Fundi kapata fundi!”

Waliokuwa karibu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka, na baba alinitazama kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Akavaa kofia, akatangulia nyumbani peke yake. Mama akanishika mkono tukiwa bado njiani.

“Ulimi hauna mfupa, sawa. Wako hauna hata haya. Ungeshindwa nini kumwambia jikoni?”

Nilikuwa na ukweli, na ukweli ulikuwa unaniwasha.

Siku mbili baba hakusema nami. Alikula, akaitikia shikamoo yangu, basi. Asubuhi ya tatu nilikuwa napalilia maharage, ukungu umeshika bonde lote, nikaona mtu ameinama jiweni na koti limemfunika kichwa. Pembeni yake palikuwa na roli ya waya. Nikachuchumaa kati ya mistari ya maharage ili asinione. Alijaribu mara moja, akatoka kwenye koti, akaketi. Akarudi ndani. Akajaribu tena, na tena, akihesabu mizunguko ya waya kwa vidole, kama fundi. Nilitamani kumkimbilia nimuulize ameona nini katikati ya roli. Nikajizuia, na kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko kupalilia.

Kisha akaibeba betri kifuani, akapanda nayo taratibu, akaiingiza stoo ya mazao na kutoboa tundu ukutani mvuke upate kutoka.

Jioni ile hakualikwa mtu. Saa moja akabonyeza swichi. Mwanga ulipotoka, mama alitazama ukuta juu ya meza, masizi ya koroboi ya miaka yote, akasema kumbe ndivyo tunavyoishi, akaenda kutafuta kitambaa. Baba alikula makande yake yote. Nilingoja neno, lolote. Alisema chumvi imezidi.

Wiki mbili baadaye jirani wa kabichi alikuja baada ya chai. Alikuwa ameona taa yetu kutoka kwake kila jioni, naye ameshuka Tanga na kununua. Alisimama uani, kofia mkononi.

“Fundi,” alimwambia baba, “utakuja lini unifungie?”

Nilimwona baba akilisikia lile neno. Alikuwa amelingoja tangu siku aliposhuka kwenye lori, na sasa limekuja lenyewe mpaka uani kwake. Nilishusha macho nikaendelea kuchambua maharage, nikajiambia safari hii sitafungua mdomo hata nikipasuka.

“Muulize huyu,” baba akasema.

Jirani akacheka. Baba hakucheka.

“Sikutanii. Umeme wa kiwandani naujua, hakuna wa kunibabaisha. Huu wa jua siujui. Aliyeujua ni huyu binti, mimi nilifuata. Yeye atasema pa kuweka na urefu wa waya. Mimi nitapanda ngazi.”

Alisema kwa sauti ileile ya kumwomba mama chumvi, akaenda kuitafuta ngazi. Jirani akanigeukia, mtu mzima yule, akasubiri niseme. Nilikuwa nimemwaibisha baba mbele ya mtu huyuhuyo, na ningeona nafuu kama baba angenigombeza hapohapo, mbele yake, tukalipana. Niliinamia ungo wangu ili asione macho yangu, na kwa muda mrefu sikupata swali hata moja.