Backup yangu iliandika tarehe moja kila siku, na mimi nilikuwa nasoma salamu tu

Niaje wakuu. Hii story inanionyesha nikiwa bure kabisa, lakini ni ukweli tupu. Chekeni mkimaliza.

Mimi ni wa Bumula, Bungoma. Shule niliachia class eight, computer nikajifunza kwa simu. Sasa nimepanga chumba Matisi, hapa Kitale, nafanyia daktari wa mifugo. Database yake inaonyesha ng'ombe ya nani ilipandishwa lini, ndio mwenyewe ajue itazaa lini.

Nikaandika script. Jioni inacopy database kwa flash, jina la file ni tarehe ya hiyo siku. Ikimaliza inaandika kwa screen: "Kazi safi, Wafula. Lala salama."

Si mcheke pole pole bana. Matisi hakuna mwingine alikuwa ananiambia lala salama. Jirani namjua kwa kikohozi tu.

So nilikuwa nasoma salamu, file siangalii.

Siku moja nikitoa kwa database ng'ombe yenye iliuzwa, nikasahau kuandika ni gani. Zote zikaenda. Sikujua. Jioni: "Kazi safi, Wafula."

Asubuhi daktari akauliza, "Wafula, ng'ombe za watu ziko wapi?"

"Tulia daktari, niko na backup."

Nafungua flash. File moja. Tupu.

Kumbe kale kabetri ka saa ndani ya computer kalikufa kitambo. Tukifunga duka la daktari tunazima umeme kwa ukuta, na internet hatuna. Kila asubuhi mashine inaamka ikidhani ni Januari mosi, 2010. Jina ni lile lile, file ya leo inafuta ya jana.

Daktari akanipa simu yake. "Uliza wenyewe mmoja mmoja. Ikikataa, rudi kwenu."

Nikapiga siku nzima. Mama Nekesa wa Tongaren akanipa tarehe ya ng'ombe yake, halafu akauliza kama nimekula, na kama huku niko na watu.

Nikamsomea tarehe ya ng'ombe tena. Ati niko na watu.

Tarehe tulizipata karibu zote, kazi bado niko nayo. Betri ni mpya, jina la file liko na mpaka dakika, na kila asubuhi nafungua moja nione kama iko na kitu ndani. Lesson ndio hiyo: salamu si backup. Wenye mnajua zaidi nirekebisheni hapo chini, hata mkinitusi ni sawa, bora mtu aandike.

Juzi nikampigia Mama Nekesa kuuliza kama ng'ombe imezaa. Akacheka sana.

"Kumbe unaweza piga simu bila kufuta ng'ombe zetu?"