Mawese Kwenye Fuwele

Harufu ya mawese yanapochemka hunirudisha kwenye meza ya Baba, nyumbani Ujiji, mpaka leo. Baba alikuwa mwalimu wa fizikia mwenye kibali cha kuwasiliana kwa redio, kwa mapenzi yake tu. Ndani ya redio ile kulikuwa na fuwele, kipande cha jiwe angavu chembamba kama ukucha, na unene wake ndio uliopanga masafa. Likizo moja, enzi simu hazijafika kwetu, stesheni moja ya kigeni ilivamia masafa yetu. Dada Zuhura na mumewe, walimu kule Kagunga wenye redio kama yetu, walisaga fuwele yao kwanza wakahamia juu kidogo. Sisi tulikuwa bado. Tukawa tunawasikia, wao hawatusikii, maana sauti yetu ilimezwa na stesheni ile.

Jumapili asubuhi Dada, akidhani nasi tumeshahamia, alituambia anakuja kwa boti ajifungulie kwa Mama, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. "Huku ziwa limetulia. Kama huko ni kubaya, niambieni. Mkinyamaza, napanda." Kwetu upepo ulikuwa unang'oa mabati, na pale Kibirizi hakuna boti iliyothubutu kutoka.

Baba akaanza kusaga. Alipaka dawa ya kusagia vali za injini juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akaizungusha fuwele kwa ncha ya kidole, akaosha, akapima, akarudia. Ukipitiliza hakuna kurudisha, kwa hiyo hata kupumua tulipumua kwa adabu. Hatimaye mshale wa kipimo ukasimama alipotaka. Akaiosha mara ya mwisho, akaiacha ikauke kitambaani, akakimbia nje kuinua waya wa antena ulioangushwa na upepo.

"Mwaja, ipachike!" alinipigia kelele.

Nilikuwa nakula ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Nilijua vizuri kwamba mafuta huigomesha fuwele, kwamba haiguswi kwenye uso wake, sembuse kwa mkono mchafu. Niliishika hivyo hivyo.

Baba aliporudi mshale haukuinuka. Akachomoa, akapachika tena. "Nimepitiliza," alisema, uso umempauka. Nilifuta vidole kwenye gauni nikanyamaza. Niliogopa kofi, basi. Sina sababu nyingine ya kujipamba nayo.

Dada akaita: "Baba, boti imefika. Baba?" Akasubiri. "Haya, napanda."

Mama ndiye aliyeuona wekundu wa mawese kwenye fuwele. Aliiosha kwa sabuni, akavitazama vidole vyangu, akampa Baba aipachike. Mshale ukapanda.

"Zuhura, usipande!" Baba akapaza sauti.

Mume wa Dada ndiye aliyejibu, kwa upole: "Shikamoo Baba. Ameshaondoka. Hata boti siioni tena."

Dada alifika jioni amebebwa, ameloa chapachapa. Yeye alikuwa hai, mtoto hakuwa hai. Alichouliza kwanza ni, "Mbona hamkunijibu?" Baba akasema fuwele iligoma. Mama akatazama chini, nami nikajificha nyuma yake.

Siku hizi redio ya Baba ni makazi ya mende, na Dada, anayeishi Simbo, hunitumia ujumbe kutwa kuhusu mihogo yake na magoti yake. Nikichelewa kidogo tu hukasirika, na ninajua kwa nini. Jana nilikuwa jikoni, simu ikalia mara tatu. Nilipoitazama, alikuwa ameandika: "Mbona hujibu?"

Nikaandika kwa kidole kilichoacha alama nyekundu kwenye simu: "Samahani Dada, mikono ilikuwa na mawese." Kisha, kabla woga haujanikamata, nikaongeza: "Hata siku ile."